Nyumba ya sindano: usiishie kwenye vishada

Kila ninapoonyesha picha ya baneuljip ya Korea, watu husema, "Kidani kizuri hicho!" Ni pambo kweli, lakini jina lake linakwenda mbali zaidi: baneul ni sindano, jip ni nyumba.

Katika enzi ya Joseon (1392–1910) mwanamke aliivaa kama norigae, yaani pambo linaloning'inia kwenye utepe wa blauzi yake fupi au kiunoni mwa sketi. Zipo za fedha zilizotiwa nakshi ya buluu na kijani, zipo za hariri iliyodariziwa vipepeo, maua, hata popo, ambaye Wakorea walimhesabu kuwa mleta heri. Mimi huvutwa zaidi na fundo la juu: kamba ya hariri iliyosukwa, ikafungwa kwa namna ambayo ukiigeuza, mbele na nyuma ni sawasawa.

Kamba hiyo ina kazi nyingine. Baneuljip ina kiini na kifuniko, na kamba hupita ndani ya kifuniko. Ukikivuta kinapanda, unaziona sindano zimechomekwa kwenye kiini. Ukikirudisha kinateleza na kufunga. Hakidondoki wala hakipotei, hata ukiwa na nguo mapajani na uzi mdomoni.

Na kiini? Mara nyingi kimejazwa nywele za binadamu. Mafuta ya nywele huipaka sindano kila inapochomekwa, isishike kutu. Nawaheshimu sana waliogundua jambo hili, maana sindano nzuri zilitoka China na hazikupatikana kirahisi. Mjane mmoja wa ukoo wa Yu, katika karne ya 19, alipewa sindano na ami wa mumewe aliyekwenda Beijing na ujumbe wa mfalme. Akaishi nazo miaka 27. Ya mwisho ilipokatika akishona ukosi, aliiandikia maombolezo ambayo Wakorea wanayasoma hadi leo.

Niliwahi kuletewa baneuljip ya fedha ambayo muuzaji alikuwa "ameisafisha": nywele kazitupa, pamba kaisindika mahali pake. Iling'aa. Nilipovuta kifuniko, sindano tatu zilikuwa zimegandana na pamba kwa kutu, na nilipojaribu kuitoa ya kwanza, ikakatikia ndani.