Meli imebadili ratiba? Usibonyeze "Nakubali" kwanza

Barua pepe ya kampuni ya meli ya kitalii, ya kukwambia ratiba imebadilika, huwa fupi, na lugha yake tamu. Meli haitapita Palermo tena. Badala yake mtashuka La Goulette, Tunisia. Samahani kwa usumbufu, na hizi hapa dola 50 za kutumia melini. Chini kabisa kuna kitufe cha kukubali. Wateja wangu wengi hunirushia barua hiyo WhatsApp wakiwa wameshakibonyeza, ndipo wanauliza: "Kaka, hapa hatuwezi kudai kitu?"

Mimi ni wakala wa safari. Wateja wangu wengi wa meli za kitalii ni Watanzania na Wakenya wa Uingereza, Ujerumani, Marekani na Ghuba, na wachache wanaoondokea huku nyumbani. Swali hilo huwa nalijibu kwa swali: tiketi ulilipia wapi, na kwa nani? Watu hudhani haki zao zinafuata bendera ya meli, au sheria za bandari iliyofutwa. Katika meli moja, aliyenunua tiketi Hamburg na jirani yake wa ukuta mmoja aliyenunua Miami wanaweza kukosa bandari ileile, siku ileile, mmoja akarudishiwa sehemu ya nauli na mwenzake akaambulia ada ya bandari tu.

Karibu kila mkataba wa tiketi una kifungu kinachoiruhusu kampuni kuruka bandari, kuibadilisha au kugeuza njia nzima. Kifungu hicho si cha kulaumiwa chote. Upepo ukiwa mkali kwenye kisiwa kisicho na gati, ambako abiria hushushwa kwa boti ndogo, simtaki nahodha anayewashusha watu kwa kuogopa malalamiko yao. Shida ni kwamba maneno hayohayo hutumika hata pale kampuni inapobadili njia kwa hesabu zake za kibiashara.

Tuanze na Marekani, maana huko hakuna mengi. Hakuna sheria ya shirikisho inayokupa fidia kwa sababu tu bandari imerukwa. Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Baharini inakulinda kwa safari zinazoanzia bandari za Marekani pale safari inapofutwa, au kuondoka kunapocheleweshwa siku 3 au zaidi nawe ukaamua kutopanda. Ile hati ya haki za abiria ambayo chama cha makampuni ya meli kiliitoa mwaka 2013, miezi michache baada ya moto kuzuka ndani ya Carnival Triumph, inagusa zaidi hitilafu za mitambo. Ukitaka kushtaki, mkataba umeshakuchagulia mahakama, mara nyingi Florida, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kifungu cha aina hiyo mwaka 1991 katika kesi ya Carnival dhidi ya Shute. Kwa hiyo mteja wa Marekani namshauri aangalie kalenda: kama tarehe ya malipo ya mwisho haijafika na kianzio chake ni cha kurudishwa, ajitoe tu, achukue hela yake. Tarehe hiyo ikipita, kinachobaki ni kuomba.

Ulaya mambo ni tofauti kabisa. Safari ya meli ya kitalii huhesabiwa kuwa kifurushi, kwa kuwa ndani yake mna usafiri na malazi, na vifurushi vinaongozwa na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 2015/2302. Uingereza nayo ina kanuni zake za 2018 zilizotokana na hayo. Mwandaaji, yaani kampuni iliyokiunda na kukiuza kifurushi, akibadili kwa kiasi kikubwa sifa kuu za safari kabla haijaanza, lazima akujulishe bila kuchelewa, akupe muda wa kutosha kujibu, na akueleze kitakachotokea usipojibu. Uamuzi ni wako: kukubali, kuchukua safari mbadala ukipewa, au kuvunja mkataba bila faini na kurudishiwa fedha zako ndani ya siku 14. Fedha, si vocha, isipokuwa vocha umeitaka mwenyewe. Hapo kwenye "usipojibu" pasome mara mbili. Ujerumani, muda uliopewa ukipita kimya, unahesabiwa umekubali.

Mzozo wote uko kwenye "kiasi kikubwa". Kuruka bandari moja kati ya saba kwa sababu ya mawimbi, sikushauri upoteze muda. Lakini mwishoni mwa 2023 Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, safari zilizokuwa zipite Suez ziligeuzwa kuzunguka Afrika. Aliyelipia ili afike Petra kupitia Aqaba na Luxor kupitia Safaga akajikuta anapewa siku nyingi za maji matupu na bandari ambazo hakuziomba. Kama hayo si mabadiliko makubwa, sijui makubwa ni yapi. Ndivyo ilivyokuwa pia St. Petersburg ilipotolewa kwenye safari za Baltiki mwaka 2022: kwa wengi, mji huo ndio waliokuwa wameununua, na bandari nyingine zilikuwa za njiani. Kuhamisha mahali pa kupandia nako nakuhesabu. Italia ilipozuia meli kubwa kupita katikati ya Venice kuanzia Agosti 2021, baadhi zilihamia Ravenna, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa basi. Ukiwa umejikatia tiketi ya ndege na hoteli mwenyewe, gharama hizo zinakuangukia wewe kwanza, kwa hiyo zitaje kwenye barua yako ya kwanza.

Safari ikishaanza, kuna jambo ambalo makampuni hayapendi kulitamka. Tukio lisiloepukika, kama vita au dhoruba, linaiondolea kampuni mzigo wa fidia. Haliiondolei wajibu wa kupunguza bei kwa sehemu ya huduma ambayo hukuipata. Hivyo ni vitu viwili, na jibu la "ilikuwa hali ya hewa" linafunika kimoja tu. Ila usije ukabeba kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 1177/2010 ukidai asilimia 25 au 50 ya nauli kwa kuchelewa. Fidia hiyo ni ya vivuko na meli za kawaida za abiria, meli za kitalii zimetolewa humo.

Sasa suala la viza, ambalo vitabu vya mwongozo vya Wazungu havina haja ya kuligusa. Rudi kwenye ile barua. Barcelona, Marseille, Genoa, Naples, Palermo: zote ni Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na viza ya kuingia mara moja inatosha. Weka La Goulette badala ya Palermo, na pasipoti ya Kenya au Tanzania inahesabiwa imetoka Schengen. Kurudi Barcelona ni kuingia mara ya pili, na viza yako imekwisha. Utazuiwa hukohuko kwenye dawati la kupandia, na mkataba utasema nyaraka ni jukumu la abiria. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani hana tatizo. Mwenzake anayeishi London na pasipoti ya Kenya analo. Viza mpya kwa kawaida huchukua siku 15, na inaweza kufika 45. Maelekezo yaleyale ya Ulaya yanamtaka mwandaaji akupe taarifa za jumla za viza kabla hujalipa, kwa hiyo badiliko linalozaa viza mpya mimi naliandika moja kwa moja kuwa ni kubwa, na nimeona likisikilizwa. Karibiani ni nafuu kidogo: kimbunga kikiipeleka meli Cozumel, Mexico haikudai viza yake ukiwa na ya Marekani iliyo hai.

Ukinunua kwa wakala wa Nairobi au Dar, tazama ankara: mwandaaji ni nani? Jina la kampuni ya Ulaya hapo linaweza kukufungulia mlango. Ikiwa hakuna, umebaki na mkataba. Bima za safari nyingi hulipa kidogo kwa bandari iliyokosekana, na hazilipi kwa dhoruba iliyokwisha kutangazwa kabla hujakata bima. Uingereza, aliyelipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 anaweza kuidai benki chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja. Aliyemtumia wakala kwa M-Pesa asitegemee njia hiyo.

Mkiwa melini, piga picha ile karatasi ya ratiba ya siku inayoingizwa chumbani, ya jana na ya leo. Nenda dawati la wageni, lalamika kwa maandishi, omba nakala. Na ukiandika, usiandike "tunaomba mtufikirie". Andika namba ya booking, bandari iliyofutwa na tarehe yake, ulichopewa badala yake, kiasi unachotaka kipunguzwe kwenye nauli, na siku ambayo unategemea jibu.