Dozi ya kemo ya mtoto: kwa nini tunampima na urefu

Wazazi wengi wodini wananiuliza, mtoto kashapimwa kilo, sasa urefu wa nini tena? Mimi ni mfamasia wa dawa za saratani za watoto na swali hili nalipenda maana jibu lake ndo linabeba usalama wa dozi yenyewe.

Dawa nyingi za kemo hatuzipigi kwa kilo, tunazipiga kwa eneo la mwili, yaani ukubwa wa ngozi yote kwa mita za mraba, kwa sababu kazi ya figo na damu anayosukuma moyo vinaendana na eneo kuliko na kilo. Chukua mtoto wa kilo 16 mwenye urefu wa sentimita 100. Ukimlinganisha na mtu mzima wa kilo 70, kwa uzito hafiki hata robo yake, ila kwa eneo anakaribia asilimia 39, kwa hiyo ukimkatia dozi ya mtu mzima kwa kilo tu unamnyima dawa.

Hesabu tunayotumia ni ya Mosteller ya 1987. Zidisha urefu kwa uzito, gawanya kwa 3600, afu tafuta kipeuo cha pili. Huyu wetu ni 100 mara 16, 1600, ukigawanya unapata 0.44, kipeuo chake 0.67. Vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, ni mg 1.5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo anapata mg 1, na hata mtoto awe mkubwa vipi kwa kawaida hatuvuki mg 2.

Ukikosea urefu kwa sentimita 3 dozi inasogea kidogo sana, kama asilimia moja na nusu, hapo hesabu inakusamehe. Kinachoniogopesha ni mtu kusahau kipeuo, maana 0.44 nayo inaonekana jibu la kawaida kabisa na mtoto anapoteza theluthi ya dawa. Kwa kijana mwenye eneo la 1.5 ni kinyume, inasomeka 2.25, dozi imezidi kwa nusu, na kama ni doksorubisini, dawa nyingine ya kemo, hiyo inaumiza moyo. Ndo maana nasisitiza watu wawili wapige hesabu kila mmoja kivyake bila kuona jibu la mwenzake, na kichwani uwe na picha: kichanga ni kama 0.2, mtu mzima 1.7, jibu lako liangukie sehemu inayoeleweka.

Kingine ni uzito wa zamani kwenye faili. Mtoto wa Burkitt, saratani ya tezi inayokua haraka, anakuja tumbo limejaa uvimbe, baada ya dawa linanywea haraka sana, kilo za mwezi uliopita sio zake tena, apimwe upya kila mzunguko wa dawa tafadhali.

Watoto wachanga ni habari nyingine, hao mara nyingi tunarudi kwenye kilo, vinkristini inakuwa mg 0.05 kwa kilo. Na methotreksati, dawa nyingine ya kemo, ile ya kuchomwa uti wa mgongo inafuata umri, kuanzia miaka 3 ni mg 12, kwa sababu maji ya ubongo yanakaribia kiasi cha mtu mzima mapema kuliko mwili. Vinkristini yenyewe huko haiingii kamwe, ni ya mshipa tu, ikiingia kwenye uti wa mgongo inaua, ndo maana inashauriwa iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu na sio kwenye bomba la sindano, isije ikachanganywa na dawa za uti wa mgongo.