Acheni kumpima kipa mtoto kwa futi

Jumamosi iliyopita baba mmoja kanifuata pembeni ya uwanja, mwanae ana miaka 13, anadaka vizuri tu, ananiambia "kocha, huyu mfupi, mtafutie namba nyingine." Nimeshachoka kuisikia hii. Na siyo wazazi peke yao, makocha wenzangu ndo wabaya zaidi, mtoto anakuja majaribio hata glovu hajavaa wameshamwangalia juu mpaka chini na kumkata.

Mnamkumbuka Yoshikatsu Kawaguchi? Nyanda wa Japani, kazaliwa Shizuoka 1975, urefu mita 1.80 hivi. Mechi 116 timu ya taifa, vikosi vinne vya Kombe la Dunia kuanzia 1998 mpaka 2010. Julai 21, 1996, Olimpiki, mechi inachezwa Miami, yeye ana miaka 20, mbele yake Brazil ya Ronaldo, Rivaldo, Bebeto na Roberto Carlos. Brazil walipiga mashuti 28, Japani 4, ikaisha 1-0 kwa Japani. Na goli lenyewe liliingiaje? Mpira mrefu umetupwa kwenye boksi, Dida, kipa wa zaidi ya mita 1.90, katoka, kagongana na beki wake Aldair, mpira ukabaki hauna mwenyewe, Teruyoshi Ito akausukuma wavuni. Ule urefu wa Dida ulimsaidia nini dakika ile?

Kipa anadaka kwa miguu jamani. Watu wanaona ile kuruka, mikono imenyooka, wanadhani kazi ndo ile, kumbe kazi imeshaisha kabla. Straika anapotaka kupiga, kipa awe ameshatulia, miguu yote miwili chini, magoti yamelegea, uzito uko mbele kwenye vidole. Akikutwa bado anatembea, mguu mmoja uko hewani, hata awe na mita mbili mpira unampita anauangalia, maana hana pa kusukumia ardhi. Mazoezini namweka nguzo ya karibu, natoa pasi kwa mwenzangu upande wa pili, yeye asogee kwa hatua fupi fupi za haraka bila kupishanisha miguu na asimame kabla shuti halijapigwa. Mara nyingine hatupigi kabisa, naenda kuangalia mchanga. Huyu mtoto anayeitwa mfupi, alama za njumu zake ziko mbili, sambamba, zimekaa. Kipa mwenzake mrefu, ambaye kila mtu anamsifia, zake zimeburuzwa kama mtu kateleza. Mimi hapo nimeshajua nani atadaka.

Sasa krosi, maana najua mtanirukia hapo. Ni kweli, mpira wa juu unataka urefu, sikatai. Kawaguchi alienda Portsmouth ya Uingereza 2001, Januari 2002 wakapigwa 4-1 nyumbani na Leyton Orient Kombe la FA, akapoteza namba kwa kipa mwenzake Dave Beasant, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu na mrefu kweli. Kombe la Dunia 2006, mechi na Australia, alikuwa kaokoa hatari nyingi tu, dakika ya 84 ukarushwa mpira mrefu wa kurusha, akatoka, akaukosa, Tim Cahill akafunga, na mpaka filimbi inalia ni 3-1. Ile clip nimeirudia sana. Kosa naliona kwenye uamuzi, kuna msitu wa watu pale na yeye kaanza safari kachelewa. Lakini kuna siku naiangalia nasema kipa wa mita 1.92 pengine angeugusa hata kwa kidole, na hapo sina jibu safi la kumpa mtu. Siku sita baadaye, Nuremberg, mtu yuleyule kaokoa penati ya Darijo Srna, ikaisha 0-0 na Croatia.

Na kitu kingine hakipimwi kwa futi kabisa, kichwa. Robo fainali ya Kombe la Asia 2004, Chongqing, matuta (penati za kuamua mshindi) na Jordan, Nakamura na Santos wa Japani wote wamekosa, hapo kipa wengi wameshakata tamaa, yeye akaokoa mbili, Japani wakapita 4-3 na kombe wakalibeba. 2010 kaenda Afrika Kusini kipa wa tatu, hakucheza hata dakika moja, ila ndo alikuwa kapteni wa kikosi. Ukocha wake mimi nauona umeanzia pale.

Alistaafu mwisho wa 2018 akiwa na miaka 43, yuko SC Sagamihara ya daraja la tatu, akaingia kufundisha makipa wa timu za vijana za Japani. Olimpiki ya Tokyo alikuwa kocha wa makipa, robo fainali na New Zealand ikaenda matuta, Kosei Tani akaokoa moja, wakapita 4-2. Tani ana mita 1.90. Suzuki Zion, kipa mwingine aliyekuwa kwenye kikosi kilekile, naye ni wa urefu huohuo. Hata Kawaguchi pale alikuwa anafundisha warefu, na hilo linaniuma, linanifanya nijiulize kama kijana wa mita 1.80 leo angefika alikofika yeye.

Ila mtoto wa miaka 13 bado hajamaliza kukua! Baba nimemwambia aniachie mpaka afike 17. Jumanne tunaanza krosi, nitamweka na mabeki wawili wakubwa wamsukume kwenye boksi, ajifunze lini kutoka na lini kubaki.