Moshi wa Djibouti, kura za Washington

Kijana mmoja wa Eldoret aliingia ofisini kwangu na bahasha ya kaki kwapani, akaketi, akavuta pampu ya pumu mara mbili kabla hajanisalimu. “Samahani auntie, hizi ngazi zimenimaliza.” Ngazi zenyewe ni za ghorofa moja. Alitumikia Jeshi la Marekani miaka 4, sehemu yake Djibouti, kwenye kambi ya Wamarekani ya Camp Lemonnier. Bahashani mlikuwa na DD 214, ile karatasi anayopewa mwanajeshi siku ya kutoka, na barua ya mwaka 2019 iliyokataa dai lake la pumu.

Kazi yangu ni kuwaandalia madai watu kama yeye. Nina idhini ya Wizara ya Maveterani, ambayo hapa Marekani kila mtu huiita VA, na mteja hanilipi hata senti. Nyumbani wengi husema “askari mstaafu”, lakini si kitu kimoja. Mstaafu wa jeshi la Marekani kwa kawaida ametumikia miaka 20 na ana pensheni. Veterani ni aliyevaa sare akatoka bila kufukuzwa kwa aibu, hata kama alikaa miaka michache tu. Kijana wangu hana pensheni. Alicho nacho ni haki ya kudai fidia ya maradhi aliyotoka nayo jeshini.

Wanasiasa wakisimama jukwaani, utadhani hakuna ubishi. Vyama vyote viwili huwasifu maveterani. Ubishi uko kwenye mambo yasiyopigiwa makofi: nani abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitoka jeshini, na pesa zipitie mikono ya nani.

Tuanze na huo mzigo. Kwa kawaida dai husimama juu ya vitu vitatu: ugonjwa uliothibitishwa na daktari, tukio la jeshini, na uzi unaounganisha hivyo viwili. Uzi ndio uliowazamisha watu. Kwenye kambi za Irak na Afghanistan taka zilichomwa kwenye mashimo ya wazi: plastiki, betri, taka za hospitali, kinyesi, vyote vikimwagiwa mafuta ya ndege. Miaka 10 baadaye mtu anakohoa, na VA inamwambia alete ushahidi kwamba ni ule moshi. Aupate wapi, na hakuna aliyekuja kupima hewa aliyoivuta?

Sheria ya PACT ya 2022 iligeuza mambo hapo. Imepewa jina la sajenti Heath Robinson wa Ohio, aliyefariki mwaka 2020 kwa saratani ya mapafu. Inasema hivi: kama ulikuwa nchi fulani, wakati fulani, na una ugonjwa ulio kwenye orodha, uzi unahesabiwa upo. Huna haja ya kuusokota mwenyewe. Orodha ya nchi inatugusa. Somalia na Oman zimo kuanzia tarehe 2 Agosti 1990, Djibouti kuanzia tarehe 11 Septemba 2001. Na pumu iliyogunduliwa baada ya mtu kutoka jeshini imo. Kijana alikataliwa kabla ya sheria hiyo, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kurudi.

Jinsi sheria hiyo ilivyopita ni somo kamili la siasa za huku. Juni 2022 Seneti iliipitisha kwa kura 84 dhidi ya 14. Ikaonekana kuna kipengele cha kodi ambacho kikatiba kilipaswa kuanzia Baraza la Wawakilishi, basi ikabidi irudiwe. Tarehe 27 Julai iliporudi Seneti ilipata kura 55, na zilihitajika 60 ili mjadala ufungwe. Maseneta 25 wa chama cha Republican waliosema ndiyo mwezi uliotangulia walisema hapana. Maveterani wakahamia ngazi za Bunge, wakalala pale mchana na usiku, mchekeshaji Jon Stewart akiwa pamoja nao na matusi yake yote.

Hoja ya Pat Toomey, seneta wa Pennsylvania, ilikuwa ya kihasibu. Alisema sheria inahamisha dola bilioni 400 kutoka fungu linalopigiwa kura kila mwaka kwenda fungu la matumizi ya lazima, lisilosubiri kura ya kila mwaka, na hivyo kuacha nafasi ya kutumia pesa nyingine kwa mambo yasiyohusu maveterani. Kihasibu hakuwa anaongea upuuzi. Na Toomey alikuwa anaisema hoja hiyo tangu Juni. Wale 25 ndio walioikumbuka baada ya kupiga kura, na mimi siamini kuwa ni uhasibu uliowashtua. Tarehe 2 Agosti sheria ilipita kwa kura 86 dhidi ya 11, bila fungu hilo kubadilishwa.

Suala la pili, mikono ya nani. Mwaka 2014 iligundulika kwamba hospitali ya VA ya Phoenix ilificha foleni halisi kwenye orodha za siri huku vitabu vikionyesha wagonjwa wanaonwa upesi. Waziri Eric Shinseki akajiuzulu. Tangu hapo mlango wa madaktari binafsi umezidi kupanuliwa. Chini ya sheria ya MISSION ya 2018, kama safari ya gari hadi kwa daktari wa kawaida wa VA inazidi dakika 30, au miadi inazidi siku 20, unaweza kutibiwa nje na VA ikalipa. Wanaoipenda wanasema ni uhuru wa mgonjwa. Wanaoipinga wanasema kila dola inayotoka nje inadhoofisha hospitali zenyewe, mpaka siku moja zionekane hazifai. Mimi naegemea hao wa pili, ingawa mteja anayeishi saa mbili kutoka hospitali ya VA hanielewi, na sina la kumjibu.

Ubishi ninaoukuta mezani kwangu kila wiki ni wa madalali. Sheria hairuhusu mtu kulipisha kwa kuandaa dai la kwanza, lakini adhabu ya jinai ilifutwa mwaka 2006. Kwa hiyo yapo makampuni yanayokutoza hata mara 5 ya nyongeza ya fidia yako ya mwezi kwa kazi ambayo sisi tunaifanya bure. Bungeni kuna mswada wa kurudisha adhabu, na mwingine wa kuyahalalisha na kuyawekea kikomo cha bei. Kijana alikuwa na mkataba wa kampuni kama hiyo humo bahashani. Nashukuru alikuwa hajatia sahihi.

Aliniuliza atapata asilimia ngapi, maana VA hupima ulemavu kwa asilimia na fidia hufuata hapo. Nikachukua mkate uliokuwa mezani. Tuseme VA inakupa asilimia 50 kwa kiwewe na 30 kwa pumu. Huwezi kusema 80. Nakata nusu ya mkate, inabaki nusu. Asilimia 30 ya iliyobaki ni 15. Jumla 65, wao wanaikweza hadi 70. “Hesabu gani hii, auntie?” Ni yao, mwanangu.

Tulianza na kauli yake. Alikuwa ameandika sentensi moja ya Kiingereza: kulikuwa na moshi mara kwa mara. Nikamwambia aiache, anisimulie kwa Kiswahili kama anavyomsimulia mamake. Akasema upepo ukigeuka jioni walikuwa wanafunika sahani kwa mkono wakielekea hemani, na asubuhi akipenga kamasi kitambaa kinatoka cheusi, na kwamba alimwambia mkubwa wake mara moja, akaambiwa anywe maji. Aliongea dakika 20. Niliandika kurasa mbili.