Je, wajua kwa nini ndege akikutana na ndege hujiangusha chini?

Kiswahili kimewapa wasafiri wawili wa angani jina moja, na kinachotuokoa ni kiambishi tu: ndege anaruka, ndege inaruka. Nililiwaza hilo siku nilipokalishwa kiti cha mbele, ubavuni mwa rubani, katika ndege ndogo ya injini moja iliyokuwa ikitoka Malindi kwenda Lamu. Tulishaanza kushuka kuelekea uwanja wa Manda, mikoko imejaa chini yetu, mara mwewe akatokea mbele ya kioo. Hakuwa akipiga mbawa. Alitanda tu, mkia ukipinda kushoto na kulia kama usukani wa mashua. Akageuza kichwa, akatuona, akakunja mbawa zote mbili kwa mkupuo kama mtu afungaye mwavuli, akaporomoka. Rubani naye aliinua pua ya ndege kidogo, kisha akairudisha.

"Yeye hushuka, mimi hupanda," akaniambia. "Ndiyo mapatano yetu."

Mbona ashuke, asipande? Kwa sababu kupanda kuna gharama. Ndege anayetaka kwenda juu lazima apige mbawa na kushindana na uzito wake mwenyewe, na mpaka apate mwendo muda umeshapita. Akifunga mbawa, uzito uleule unamfanyia kazi papo hapo. Kozi ndiye anayejua zaidi siri hii: akijiachia kutoka juu kufuata windo huweza kupita kilomita 300 kwa saa, na hapo hajapiga bawa hata moja. Ndiyo maana marubani hufundishwa kwamba wakikuta ndege mbele yao, njia ya kujaribu kwanza ni ya juu. Ila si kila wakati. Karibu na ardhi, ndege ikiwa imepunguza mwendo ili itue, kuinua pua kwa ghafla ni kuiomba nayo ianguke. Hapo rubani huenda zake na kumwachia mwewe ajipishe.

Swali linalonisumbua mimi ni jingine. Mwewe ana macho ya kuona panya kutoka juu kuliko mnara wa msikiti. Kwa nini basi asubiri mpaka tunakaribia kumgusa?

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililonichekesha na kunihuzunisha. Waliwaonyesha ndege wadogo wa huko, wa aina inayopenda kufuata ng'ombe, video ya gari likiwajia, mara polepole, mara mbio. Ndege hao hawakujali mwendo. Walikimbia gari lilipofikia umbali wa takribani mita 30, liwe linatambaa au linafyatuka. Kwa adui wa porini mita 30 ni nyingi. Kwa kitu kinachokwenda kilomita 120 kwa saa, hazifiki hata sekunde moja. Kwa ndege ndogo ikiwa angani katika mwendo wake wa kawaida, kama kilomita 220 kwa saa, ni nusu sekunde. Basi mnyonge wetu haoni vibaya, anahesabu vibaya: anapima umbali, mwendo haumo katika hesabu yake. Mwewe wa Manda nadhani alikuwa mwenyeji aliyeshazoea vituko vyetu.

Ugomvi wa kwanza ulioandikwa kati ya wawili hawa, hata hivyo, mchokozi alikuwa binadamu. Septemba 1905, huko Ohio, Marekani, Orville Wright, mmoja wa ndugu wawili waliobuni eropleni, alilifukuza kundi la ndege kwa eropleni yake juu ya shamba la mahindi. Mmoja akafa, akabaki juu ya bawa mpaka Orville alipokata kona kali ndipo akadondoka.

Kukutana kwingi hutokea chini, kwenye viwanja, na hapo sisi ndio tunaoalika. Nyasi zikikatwa kando ya njia ya kurukia, panzi hutimuka, na yangeyange huja kufuata mashine ya kukatia kama wanavyofuata ng'ombe. Kunguru wa Malindi hawahitaji mwaliko wa mtu. Isitoshe, ndege wote, wa nyama na wa bati, hupenda kuruka wakiukabili upepo. Kusi ikivuma, huyu huelekeza mdomo kusini na ile huelekeza pua kusini, njia moja, saa moja.

Wakati mwingine ndege ni msaada. Adhuhuri ukiona mwewe wawili watatu wakizunguka juu ya nchi kavu pasi na kupiga bawa, ujue pale pana hewa moto inayopanda. Marubani wa ndege zisizo na injini huwafuata ili wabebwe. Wetu wa injini huwaona na kuwaambia abiria wafunge mikanda, maana hapo patatikisika. Ukivuka juu ya bahari mwewe hao huwaoni tena, kwa kuwa maji hayashiki moto upesi kama mchanga. Hata marubani wa majahazi, ambao ndio wenye asili ya jina hilo, walisoma ndege: ukiwaona wengi jioni wakirudi upande mmoja, huko ndiko kuliko nchi.

Tulipotua Manda, mizigo ikishushwa, rubani alizunguka kuziba matundu ya mbele ya injini kwa vizibo vyekundu. Nikamuuliza, na joto lote hili, unaogopa baridi? Akacheka. Shomoro, akasema, tundu la injini kwao ni nyumba iliyokwisha kuezekwa. Safari iliyopita alichelewa kuziba, akaenda kunywa chai, aliporudi akachomoa konzi nzima ya nyasi kavu na kipande cha uzi wa nyavu. Mwenye nyumba alikuwa juu ya bawa, akimpigia kelele.