Range Rover ni ya Tata, sawa, lakini usiende kununua spea kwenye duka la malori

Wiki iliyopita mteja kaniletea Discovery 3 hapa gereji Arusha, pampu ya maji imekufa. Nikamtajia bei ya spea, akakaa kimya kidogo alafu akaniuliza swali ambalo naulizwa karibu kila mwezi: "Fundi, si Tata ndo mwenye Land Rover siku hizi? Kwanini tusiende wanapouza spea za malori ya Tata tukapata ya bei nafuu?" Ni swali zuri kabisa, mana Land Rover, anayetengeneza Range Rover na Discovery, kweli ni ya Tata wa India. Nikaona niliandike vizuri leo nisiwe narudia kila siku.

Spea haiingii. Na sababu yake ndo stori yenyewe, kwa sababu Tata alichonunua kwa Ford mwaka 2008, Jaguar na Land Rover pamoja kwa dola bilioni 2.3, ni majina, viwanda na michoro ya Waingereza, na tangu siku hiyo hajabandika neno Tata kwenye boneti ya Range Rover hata moja. Fungua boneti ya hiyo Discovery 3 ya dizeli uone, ile injini ya V6 ilikuwa inatoka kiwanda cha Ford kule Dagenham, na hata baada ya kuuza kampuni Ford aliendelea kuwauzia injini miaka mingi, hata baada ya JLR (yaani Jaguar Land Rover) kufungua kiwanda chao cha injini Wolverhampton mwaka 2014 wakaanza kujitengenezea baadhi. Ukirudi nyuma zaidi, Range Rover za 2002 mpaka kama 2005 zina injini ya BMW, kwa sababu BMW ndo alikuwa mwenye nyumba kuanzia 1994 mpaka 2000 na gari ile iliundwa mikononi mwake. Freelander ya kwanza ya dizeli, ile ya Td4, nayo ni BMW. Kwahiyo mimi mteja akija na Land Rover siulizi leo inamilikiwa na nani, nauliza mwaka gani na injini gani, hapo ndo najua pa kwenda kutafuta.

Kitu ambacho hakijabadilika ni namba ya chesisi. Angalia gari yako, Land Rover inaanza na SAL, Jaguar nyingi SAJ, lori la Tata lililotoka India linaanza na MAT. BMW kaja kaondoka, Ford kaja kaondoka, Tata kaingia, SAL ipo palepale, hata Defender mpya ambayo inaundwa Nitra kule Slovakia bado imegongwa SAL.

Sasa turudi kwa Tata mwenyewe, maana watu wengi huku wanamjua kwa malori na mabasi tu. Kampuni ilianza 1945 Jamshedpur ikitengeneza injini za treni, ndo mana jina la zamani lilikuwa TELCO, yaani Tata Engineering and Locomotive Company. Mwaka 1954 wakaingia mkataba na Daimler-Benz wa Ujerumani kutengeneza malori, ukaenda miaka 15, na nyota ya Mercedes ilikuwa usoni kwa lori la Kihindi muda wote huo. Wazee waliowahi kuendesha lori hizo watakuambia. Gari ndogo walianza kuzichora wenyewe miaka ya 1990, Indica ikatoka mwishoni mwa 1998.

Alafu mwaka 2008 ukawa mwaka wa ajabu kwao. Januari wanaonyesha Nano pale Delhi, gari ya rupia laki moja (laki hiyo hiyo yetu, neno ni moja), gari rahisi kuliko zote duniani, na miezi michache tu mbele, Juni, wanakabidhiwa Jaguar na Land Rover. Nano haikudumu, 2018 ikaisha. Lakini Range Rover inalisha familia mpaka leo.

Kuna sehemu ya dili hiyo ambayo watu hawaizungumzii kabisa na mimi ndo naipenda kuliko zote, majina yaliyolala. Ukinunua Jaguar unapata na Daimler, ile ya Coventry ya 1896 iliyokuwa inabeba wafalme wa Uingereza, kwa sababu Jaguar aliinunua mwaka 1960. Na ukipata Daimler unapata Lanchester, kampuni ya Frederick Lanchester wa Birmingham, mmoja wa mainjinia wakubwa wa mwanzo wa gari, ambayo ilimezwa miaka ya 1930 mwanzoni. Yaani mtu aliyeanza malori kwa msaada wa Daimler ya Ujerumani leo ana Daimler ya Uingereza kabatini. Kampuni mbili tofauti, mzizi wa jina mmoja, Mjerumani Gottlieb Daimler.

Na Rover je? BMW alipouza ile kampuni ya gari ndogo za Rover mwaka 2000 jina la Rover alibaki nalo, kampuni mpya ya MG Rover ikawa inalitumia kwa ruhusa yake. Walipofilisika 2005 Wachina wa SAIC walilitaka sana, lakini Ford alikuwa na haki ya kuulizwa kwanza, akalinunua 2006 ili pasiwe na Rover nyingine ya kuchanganya watu na Land Rover, Wachina ikabidi watunge jina lao, Roewe. Jina la Rover likaenda Tata pamoja na vingine. MG yenyewe ikabaki China. Ndugu wa nyumba moja, mmoja kwa Wahindi mwingine kwa Wachina.

Upande wa malori wanafanya hivyohivyo, 2004 walinunua kitengo cha malori cha Daewoo kule Gunsan Korea na jina la Daewoo hawakulifuta. Na ukiona basi la Marcopolo la India ujue waliungana na Wabrazili, kiwanda kipo Dharwad. Mwaka 2025 wakatangaza kuinunua Iveco ya Italia, na mwaka huohuo kampuni ikagawanywa mbili, malori kivyake na gari ndogo pamoja na JLR kivyake. Kwahiyo hata lile duka la malori analolisema mteja wangu, saivi kwenye makaratasi ni kampuni nyingine.

Hakuna kabisa kilichochanganyika? Kipo, ila kimeenda upande mmoja. Tata Harrier ya 2019 chesisi yake imetokana na ya Discovery Sport, Wahindi wamechota ujuzi wa Muingereza wakapeleka nyumbani, ila injini yake ya dizeli ni ya Fiat. Kutoka India kwenda Range Rover mimi kwenye kazi yangu sijawahi kukutana na kifaa.

Na nadhani Tata wako sahihi kuliacha jina la Land Rover lilivyo. Oktoba 2024 hapa Arusha Land Rover zilikusanyika mamia kwa mamia kusaka rekodi ya msafara, nyingi modeli za 110 na 109 kuukuu za safari, na barabara nzima watu walikuwa wanaita jina moja tu. Jina kama hilo huligusi.

Ndo mana Jaguar inanipa wasiwasi. Mwisho wa 2024 wamesimamisha kuuza gari mpya Uingereza ili warudi na za umeme tupu, nembo wameibadilisha, bei itapanda. Na Freelander wamekubaliana na Chery wa China walitumie jina hilo kwenye gari za umeme za Changshu. Ukiwa na Freelander 2 ya dizeli, ile ya 2.2, usihangaike na habari hizo, injini yako ni ya kina Ford na Peugeot, nenda na namba ya injini mkononi utapata spea kwa bei ya kibinadamu.

Pampu ya Discovery tulipata, imefungwa juzi, haivuji.