Gugu karoti hupanda gari

Siku moja nilikwangua matope kwenye madigadi ya Landkruza, yakajaa kikombe kimoja hivi cha chai. Gari lilikuwa limetoka Arusha, likapita Karatu, likaingia Ngorongoro na kulala Ndutu. Nikayatandaza yale matope kwenye trei ya miche, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Haikupita muda yakachipua: nyasi, mbigili, na katikati yake vimiche vichache vyenye majani yaliyochanikachanika, vimelala bapa juu ya udongo kama nyota. Sikuhitaji kufungua kitabu. Ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus kwa jina la kitaalamu.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Kenya lilirekodiwa miaka ya 1970, kwetu Tanzania likatambuliwa Arusha mwaka 2010. Mche mmoja ulioshiba hutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo ni ndogo kiasi kwamba kwenye tope la tairi huzioni. Mvua ikinyesha, linaweza kuchanua ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Ng'ombe huligusa njaa ikizidi tu, na akilila maziwa yanakuwa machungu.

Wengi husingizia upepo. Upepo una sehemu yake, lakini ukitembea hifadhini utaona gugu limejipanga kandokando ya barabara. Greda likipita huondoa nyasi na kuacha udongo mtupu. Barabara yenyewe ina mgongo, kwa hiyo mvua yote inateremkia pembeni. Ile mita moja ya ukingo wa mtaro inapata maji kuliko mbuga iliyo nyuma yake. Jua lipo, mshindani hayupo. Pale nyasi zilipofunga vizuri mbegu hupata shida kuota, ndiyo maana nahofia zaidi maegesho, malango na kambi, ambako ardhi imekanyagwa ikabaki kipara.

Halafu kuna moramu, ile changarawe ya kutandazia barabara. Ningepewa siku moja tu ya kazi kwa mwezi, nisingeenda barabarani, ningeenda kwenye shimo linakochimbwa moramu. Shimo likishaota gugu karoti ukingoni, kila lori linalotoka pale limebeba mbegu. Zinamwagwa, greda linazisambaza kilomita kadhaa kwa asubuhi moja, mvua inazisukuma hadi kwenye kalvati, bomba la maji lipitalo chini ya barabara, na kalvati inazikabidhi korongo. Kutoka hapo huhesabu tena mita za barabara, unafuata mto.

Watembea kwa miguu nao wamo. Kilimanjaro kuna kinyasi kidogo cha Ulaya, Poa annua, kilichopanda mlima kwa kufuata njia za wapandaji na vibanda vyao. Buti nayo ni gari.

Kung'oa kunasaidia, ila kwa wakati wake: mara baada ya mvua, mzizi ukitoka wote, kabla ua halijatokea. Mwanzoni nilikosea mambo mawili. Nilikwenda yameshachanua, tena bila glavu. Kila nilipovuta shina mbegu zilipukutika nilipopiga goti, na rundo nililoliacha kando ya mtaro lilikuwa limezungukwa na miche mipya niliporudi. Mikono iliniwasha siku nne, shingo pia, maana nilijifuta jasho kwa mikono ileile. Sasa nina kalvati zangu chache ninazorudia kila baada ya wiki tatu, kwa sababu mbegu zilizofukiwa hukaa ardhini miaka.

Kijana anayenisaidia kitaluni aliniuliza udongo wa ile trei aumwage wapi. Tuliutia kwenye karai tukaukaanga kama karanga, hadi mama wa jirani akachungulia kuuliza tunapika nini. Gari tukaliosha juu ya sakafu ya saruji, maji yote yakaingia shimo moja ninalolipitia kila Jumatatu.